Mlevi wa Jukwaani Hana Nyumba

Mjadala umerudi mitandaoni, na safari hii umekuja na hasira zaidi. Vichekesho vifupi vinavyosambazwa kwa simu, ambavyo ndani yake mtu mmoja anayumba, anaropoka, anaugombeza mnazi kama kwamba ni mwenye nyumba wake, na mwisho anaanguka mtaroni, vimewagawa watu wa Unguja na Pemba makundi mawili. Wa kwanza wanataka Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni lisitoe kibali kwa mchezo wowote wenye mlevi, kwa hoja kwamba kumuonyesha mlevi ni kuupigia debe ulevi katika visiwa vya Waislamu. Wa pili wanajibu kwamba huo ni mzaha tu, watu wacheke walale, na asiyependa asitazame. Mimi naona wote wamekosea pahala pamoja. Wanagombania kuonekana kwa mlevi, na hakuna anayeuliza ni vitu gani vimekatwa ili mlevi huyo aweze kuchekesha. Imekatwa nyumba yake. Amekatwa mkewe, limekatwa deni lake dukani, amekatwa aliyemuuzia na aliyemuajiri. Hoja yangu ni kwamba sanaa yetu inapaswa kumuonyesha mlevi kwa ukamilifu kuliko inavyofanya sasa, na kwamba Baraza likitaka kutenda haki lianze kwa kuuliza nani anadhalilishwa katika mchezo na nani anasitiriwa, kabla ya kuuliza kama mna chupa.

Kwanza tumtazame huyo mlevi mwenyewe. Katika michezo niliyoiona mimi, huvaa shati lililofungwa vifungo kombo na ndara mguu mmoja, na mkononi ana chupa iliyotiwa chai ya rangi. Huzungumza kwa lafudhi ya bara, au ya shamba ikiwa mchezo umetungwa mjini. Kazi yake ni uchukuzi, ukuli au ugema, au hana kazi kabisa. Hajapata kuwa mfanyabiashara mwenye ghala, wala ofisa mwenye gari la serikali, wala kijana wa nyumba kubwa ya Mji Mkongwe. Anaingia akiwa keshalewa na anatoka akiwa bado amelewa, kwa hivyo hatujui alianzia wapi. Nilipokuwa nikisomesha fasihi skuli ya sekondari niliyakuta hayohayo katika michezo waliyotunga wanafunzi: karibu kila kundi lilikuwa na mlevi wake, na walevi hao hawakuwa na majina. Waliandikwa ‘Mlevi’, basi.

Tofauti kati ya picha hiyo na Zanzibar tunayoishi ni kubwa mno. Ni kweli kwamba tembo la mnazi hunywewa vichakani na gongo hunywewa kwa kificho, na wanywaji wake wengi ni maskini. Lakini pombe nyingine huingia kwa makontena, hulipiwa kodi, hupita kwenye vibali vya Serikali na huishia katika hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje. Mwanzoni mwa 2024, vibali vya waagizaji vilipokosa kuhuishwa, uhaba wa vileo hotelini uligeuka khabari ya dunia na ukazungumzwa kama hatari kwa utalii mzima. Bidhaa yenye uzito huo ina wenye nayo, ina wanaoibeba, ina wanaoimimina na ina wanaofuta sakafu baada yake. Mlolongo wote huo haumo katika maigizo yetu. Aliyemo ni yule mchukuzi aliyeanguka mtaroni.

Wanaotaka marufuku wana hoja tatu, na hazina nguvu sawa. Iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayotajwa kwa sauti kubwa kuliko zote, nayo ni kwamba mlevi katika sanaa ni kitu cha kuletwa, hakimo katika utamaduni wetu. Hakuna mtoto wa skuli hapa asiyeijua methali ya mgema kusifiwa akalitia tembo maji, na hakuna mwalimu aliyewahi kushitakiwa kwa kuifundisha. Shaaban Robert, Muislamu wa Tanga ambaye vitabu vyake vimesomeshwa pwani nzima, alimfasiri Omar Khayyam kwa Kiswahili mwaka 1952, na ubeti baada ya ubeti humo ni kikombe na mvinyo. Tukienda kwenye mambo mazito zaidi, Qurani yenyewe, katika mwanzo wa Suratul Hajj, inapoeleza kitisho cha Siku ya Kiyama inasema watu wataonekana kama kwamba wamelewa, na kumbe hawakulewa, ila adhabu ya Mwenyezi Mungu ni kali. Picha ya mtu anayepepesuka, asiyejua anakwenda wapi, imetumiwa hapo kutia khofu moyoni. Nao watu wa tarika ya Kisufi ya Kadiria, ambayo Sheikh Uways wa Barawa aliieneza Unguja katika karne ya 19, wana kasida inayonasibishwa na Sheikh Abdulkadir Jilani, ambayo ufunguzi wake ni mapenzi yakimnywesha vikombe vya kuungana na Mpenzi wake, naye akiuita mvinyo wake umjie. Hakuna aliyesikiliza kasida hiyo akatoka kwenda kutafuta baa. Wasikilizaji wamejua siku zote kwamba picha ya kitu na kitu chenyewe ni mbali mbali.

Ulimwengu wa Kiislamu umeishughulikia picha hiyo hata kwa rangi na brashi. Huko Tabriz, Uajemi, karibu mwaka 1530, msanii Sultan Muhammad aliichorea diwani ya mshairi Hafiz picha ya jumba lenye ghorofa. Chini, wanaume wamelewa ulevi wa dunia, wanacheza na kuanguka. Ghorofani yupo mtu wa makamo ameinamia kitabu chake. Juu ya paa, malaika wanapokezana vikombe. Mchoraji ameuweka ulevi wa aina mbili katika nyumba moja ili mtazamaji alazimike kupima ni upi ni upi. Kwa mtu anayetaka sanaa iwe na mafunzo, sioni funzo lililopangwa kwa uangalifu zaidi ya hilo.

Hata hivyo upande wa marufuku una ushahidi mmoja mzito ambao wenyewe hawautumii, nao ni Abunuwasi. Sote tumelala tukisikiliza visa vyake: sufuria aliyoiazima ikazaa kisha ikafa, nyumba aliyosema ataijenga angani, mbinu alizowafanyia matajiri na wafalme. Mtu halisi aliyeacha jina hilo, Abu Nuwas, aliishi Baghdad zama za Harun Rashid na mwanawe Al-Amin, akafariki karibu mwaka 814, na katika fasihi ya Kiarabu sifa yake kubwa ni mashairi ya mvinyo. Hakuna aliyemshinda katika fani hiyo. Alipofika pwani yetu kwa vinywa vya mabaharia na mabibi, mvinyo ulikuwa umekwisha kumwagwa njiani. Hakubaki nao hata tone. Mtu anaweza kusema: tazama, wazee wetu walifanya sensa kabla ya kuwepo Baraza la Sensa, walimtoa mlevi wakabakisha mwerevu.

Nimekifikiri sana kisa hiki, na naona kinatufundisha jambo jingine. Waliomsimulia Abunuwasi walikuwa na njia rahisi mbele yao. Wangeweza kuuchukua ulevi wake wakaufanya ndio kichekesho, akawa anaanguka mbele ya Sultani na watoto wakacheka. Hawakufanya hivyo. Waliiacha dhambi wakamchukua mtu, kwa akili yake, ulimi wake na ujasiri wake wa kumkabili mwenye nguvu. Sisi leo tumegeuza: tumeichukua dhambi tukamtupa mtu. Ikiwa kuna mfano wa kufuata kutoka kwa wazee hao, ni heshima waliyompa mhusika wao, na heshima hiyo haipatikani kwa kuzuia kibali.

Hoja ya pili ya upande wa marufuku ni kwamba kijana akiona atatamani. Hii nina sababu ya kuiheshimu, kwa sababu vijana kweli huiga. Lakini tuulize wanaiga nini. Johnny Walker, mchekeshaji wa sinema za Kihindi ambaye jina lake la kuzaliwa ni Badruddin Jamaluddin Kazi, alikuwa kondakta wa basi Bombay kabla ya kuonekana kipaji chake. Mwongozaji filamu Guru Dutt alivutiwa na jinsi alivyoigiza mlevi, na jina la whisky akapewa kwa sababu hiyo. Akaigiza walevi kwa miaka mingi, na mwenyewe alikuwa Muislamu asiyekunywa. Wazee wetu waliojaa katika majumba ya sinema ya Unguja kutazama filamu za Kihindi za miaka ya 1950 hawakutoka wakiyumba. Mtu anayeanguka mtaroni hatamanishi. Kinachotamanisha ni gilasi refu lenye kipande cha ndimu pembeni, mkono wenye saa nzuri, machweo nyuma, muziki laini na watu waliopendeza. Picha hiyo imejaa katika matangazo ya hoteli za visiwa hivi hivi, kila mtoto mwenye simu anaiona, na sijasikia kundi lolote likiomba ikatazwe. Anayeogopa kuigwa angeanza huko. Kumzuia mlevi wa mtaroni na kuliacha gilasi la machweo ni kumfunza kijana kwamba ulevi una ubaya kwa mtu maskini tu.

Waingereza waliwahi kukutana na jambo kama hili, na mchoro mashuhuri kuliko yote wa ulevi ndiyo zao lake. William Hogarth alichapisha michoro miwili mwaka 1751, wakati London ikiteketea kwa gini ya bei rahisi. Katika ule unaojulikana kama Mtaa wa Gini, mama mwenye vidonda miguuni ananusa ugoro huku mtoto wake akianguka kutoka mikononi mwake, na nyuma yake majumba yanabomoka. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kubana biashara ya gini. Ninachokipenda katika mchoro huo kiko pembeni: kati ya mambo yote yanayobomoka, biashara zinazosimama imara ni ya mpokea rehani, ya mpika gini na ya mzishi. Hogarth alionyesha nani ananufaika. Mchoro wa pili, wa bia, una kasoro yake, kwa sababu humo wanywaji wa bia ya Kiingereza wamenawiri, mtu akaweza kudhani tatizo ni chapa ya kinywaji. Lakini ule wa kwanza haukumvuta mtu kwenye gini, na hakuna aliyeutazama akacheka akaenda zake.

Inabaki hoja ya tatu, na hii ndiyo nzito: stara. Dini yetu inatutaka tusitiriane. Anayemsitiri Muislamu mwenziwe, Mwenyezi Mungu atamsitiri. Kuyatoa maovu ya nyumbani hadharani, watu wakayashangilia kwa makofi, kunaumiza, na anayesema hivyo hana ushamba, ana malezi. Sitaki kuipuuza hoja hii kama wanavyoipuuza wengi wa wanaojiita watetezi wa sanaa. Nina majibu mawili tu, na yote mawili naona yanatoka ndani ya stara yenyewe. La kwanza ni kwamba stara humhifadhi mtu anayejulikana, fulani bin fulani, asifedheheshwe. Mhusika wa mchezo hajulikani kwa jina, na kwa sababu hiyo ndiyo maana sanaa inaweza kusema yale ambayo jirani hawezi kuyasema. La pili ni kwamba stara tunayoifuata imepinda. Mume akimpiga mke kwa ulevi, mke huambiwa asitiri. Mume huyo huyo akiwa hana kitu, mtaa mzima humfanya kichekesho barazani, na watoto wake wakasikia. Tumeisitiri jeuri tukaufichua udhaifu, na michezo yetu imeiga mtindo huo ilivyo.

Katika Sahihi ya Bukhari mna kisa cha Sahaba aliyeitwa Abdullah na kupewa lakabu ya Himar, aliyekuwa akimchekesha Mtume (s.a.w.). Alikwisha kuadhibiwa kwa kunywa, akaletwa tena, akaadhibiwa tena. Mtu mmoja akamlaani kwa jinsi anavyoletwa mara kwa mara. Mtume akakataza asilaaniwe, akasema kwamba mtu huyo anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Kisa hiki kinaonyesha mlevi, kinaonyesha kosa, kinaonyesha adhabu, wala hakuna kilichofichwa. Na bado mtu amebaki mtu, mwenye jina, mwenye ucheshi wake na mwenye mapenzi moyoni. Ningefurahi kuona mswada mmoja wa mchezo wa Kizanzibari uliomwandika mlevi kwa uadilifu wa namna hiyo.

Katika soba hausi zilizofunguliwa kwetu kwa ajili ya waliotekwa na unga na pombe, watu hukaa pamoja, mmoja akasema jina lake na yaliyomfika, wengine wakasikiliza. Hakuna anayecheka wala anayelaani. Kusema huko ni sehemu ya dawa. Vijana waliopita huko wanajua kitu kuhusu kumuonyesha mlevi ambacho watunzi wetu bado hawajakijua, nami naona ajabu kwamba vikundi vya maigizo huwaendea kwa nadra sana kuwataka wawe washauri wao.

Sasa niwageukie wa upande wa pili, wanaosema ni mzaha tu. Wako karibu nami katika kutaka kibali kitolewe, lakini hoja yao siiungi mkono hata kidogo. Kicheko kuhusu mlevi hakijawahi kuwa kicheko tu. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anaeleza kwamba watu wa Sparta waliwalazimisha watumwa wao, waliowaita heloti, wanywe divai kupita kiasi isiyochanganywa na maji, kisha wakawaingiza katika ukumbi wa chakula ili vijana waone ulevi ulivyo. Waliwaamrisha pia waimbe nyimbo za kipuuzi na wacheze michezo ya kuchekesha. Huo ulikuwa mchezo wa kuigiza wenye shabaha njema, kuwafunza vijana kujizuia. Lakini kijana wa Sparta alitoka ukumbini amejifunza mambo mawili: kwamba ulevi ni aibu, na kwamba heloti ni mtu wa aibu. Funzo la pili ndilo lililodumu, kwa sababu ndilo lililokuwa na faida kwa mabwana.

Mfano mwingine ni wa Kitabu cha Mwanzo katika Biblia, sura ya 9, kisa ambacho sisi Waislamu hatukisadiki kwa sababu hatumnasibishi Nabii na ulevi. Humo Nuhu analewa divai ya shamba lake na kulala uchi. Mwanawe Hamu anamwona na kuwaambia ndugu zake, nao wanaingia kinyumenyume wakamfunika. Laana inayofuata inamwangukia Kanaani, mtoto wa Hamu. Michelangelo alikichora kisa hicho katika dari la kanisa la Sistine huko Vatikani kati ya 1508 na 1512. Karne kadhaa watetezi wa utumwa walishikilia kwamba watu weusi ni kizazi cha Hamu na kwamba minyororo yao imeandikwa hapo. Kisa cha mzee mmoja aliyelewa kikageuzwa hati ya kuwauza watu. Katika mji ambao soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 tu, mimi siwezi kusema kwamba namna ya kumsimulia mlevi ni jambo dogo.

Wakoloni nao waliendeleza. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia vinywaji vikali katika eneo kubwa la Afrika kwa maelezo ya kuwalinda wenyeji, huku ukiacha mlango wa kuagizia kiasi cha matumizi ya wasio wenyeji. Sheria zilizofuata Afrika Mashariki zikapanga nani anywe nini kwa kumtazama rangi. Aliyekuwa na ruhusa akinywa alikuwa anapumzika; asiyekuwa nayo akinywa alikuwa mhalifu. Picha ya Mwafrika mlevi, mvivu, anayehitaji kuangaliwa, ilikuwa na kazi katika utawala ule. Mchekeshaji wetu anapomvisha mlevi wake lafudhi ya bara na ndara mguu mmoja, hajui kwamba anavaa nguo iliyoshonwa na watu wale.

Lakini tunao urithi mwingine, na huu ndio ningependa wasanii wetu waushike. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, mtoto wa Fumba aliyehamia mjini akakaa mtaa wa Ng'ambo, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Katika nyimbo zake mashuhuri umo ule wa Kijiti. Wimbo unasimulia mwanamke mgeni aliyekuja kutoka Dar es Salaam, akatoka kwenda ngomani pamoja na Kijiti na wenziwe, na akarudishwa maiti. Pombe imo waziwazi. Imo ndani ya kapu, imo njiani, na inatajwa kwa kipimo chake, pegi. Siti hakuificha. Hakumlaumu marehemu kwa kunywa, wala hakumfanya kichekesho. Wimbo unamwachia yeye mwenyewe aseme laiti angelijua. Kisha unaendelea hadi mahakamani, ambako wanawake wawili waliokuwa mashahidi wanatiwa ndani, na Kijiti amekwisha kutoroka kwenda bara. Msikilizaji wa Ng'ambo alianza kwa kusikia khabari ya ulevi na akamaliza kwa kuuliza mahakama ya mkoloni inamlinda nani.

Mtu anaweza kusema ule ulikuwa msiba, na msiba hauchekeshi. Kweli, lakini watu waliokuwa wakijaa kumsikiliza Siti walikuwa wakicheka pia, na kejeli ilikuwa mojawapo ya silaha za kundi lake. Alijua tu aielekeze wapi. Said Ahmed Mohamed alifanya jambo la aina hiyo katika riwaya ya ‘Utengano’ ya mwaka 1980. Maimuna, aliyefungiwa ndani na baba mwenye mali na cheo, anatoroka na kuangukia maisha ya baa na pombe. Kila ukimwona ameshika gilasi unaikumbuka ile nyumba. Huwezi kumhukumu binti bila ya kupita kwa baba yake, Bwana Maksuudi, na Bwana Maksuudi ndiye ambaye vichekesho vya leo havithubutu kumgusa.

Yanayofuata kutokana na haya ni mazito kwa pande zote. Baraza likifuata ombi la marufuku, litaizuia ‘Kijiti’ ikitungwa leo, na litauzuia mchezo wowote unaotokana na ‘Utengano’, kwa sababu chupa imo. Likifuata ombi la kuachia kila kitu kwa kuwa ni mzaha, litakuwa linatia muhuri picha ya maskini kama mlevi na mlevi kama maskini, mwaka hadi mwaka, mpaka mtoto wa mchukuzi aone haya kutaja kazi ya baba yake darasani. Mkaguzi anaweza kusoma mswada kwa maswali mengine. Mlevi huyu ana jina? Anakaa na nani? Pombe ameipata wapi, na nani amefaidika? Anayepigwa yumo jukwaani, au amekatwa ili watu wasikose kucheka? Maswali haya hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji msomaji makini na muda wa kukaa na mtunzi.

Watunzi nao wana deni lao. Mchezo ambao bado sijauona ni wa kijana wa Nungwi au Makunduchi, hafidh pengine, aliyepata kazi ya baa katika hoteli kwa sababu ndiyo kazi iliyopatikana. Anaujua kila mvinyo kwa jina na haujui kwa ladha. Anasali akirudi, na mama yake anaupokea mshahara wake kimya, na shangazi yake anaukataa. Mgeni mlevi anamtukana saa sita za usiku naye anatabasamu kwa sababu ameelekezwa atabasamu. Mwenziwe mmoja ameanza kumalizia mabaki ya gilasi jikoni. Mwaka wa tatu, siku ya mwisho ya Shaabani, baba yake anamwita barazani. Katika kisa hicho wamo walevi, wamo wasiolewa, wamo wenye hoteli na wamo maimamu, na hakuna hata mmoja ambaye ni rahisi kumhukumu.

Mswada wa namna hiyo utakuwa na chupa karibu katika kila onesho, na kwa kanuni inayodaiwa sasa mitandaoni hautavuka ukurasa wa kwanza. Mchezo wa mchukuzi anayeanguka mtaroni, chupa ikibadilishwa ikawa kikombe kisichoonekana ndani, utapita.